Utoto wa Ukimbizini na Hatari ya Skizofrenia

Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba ikawabeba hadi Kigoma mjini, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Nyarugusu ilipofurika, wengine walipelekwa Nduta, Kibondo, na kuanzia Januari 2016 wengine wakapelekwa Mtendeli, Kakonko. Mwishoni mwa 2021 Mtendeli ikafungwa, na waliokuwa wamebaki wakahamishiwa Nduta.

Mtoto aliyekuwa na miaka 7 pale Kagunga amekulia katika kuhamahama huko, na sasa ameingia umri ambao skizofrenia huanza kujitokeza: mwisho wa ujana na mwanzo wa miaka ya ishirini. Je, aliyoyapitia yanaweza kumletea ugonjwa huo? Yanaongeza hatari, lakini peke yake hayatoshi.

Mgonjwa wa skizofrenia husikia sauti wasizozisikia wengine. Huamini bila kutikisika kwamba anafuatiliwa au ametiliwa sumu. Maneno yake hukosa mtiririko, hujitenga na watu, na huacha hata kuoga. Urithi una nafasi kubwa. Hata hivyo, kati ya mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Kwa hiyo maisha nayo yana sehemu yake.

Mwaka 2012 Filippo Varese na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti 36. Waligundua kuwa watu waliofanyiwa ukatili, waliotelekezwa au walioonewa na watoto wenzao walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kupata maradhi ya akili ya aina hii. Hesabu hiyo inatisha ikisomwa harakaharaka. Kwa kawaida, kati ya watu 1,000, takriban 7 huugua skizofrenia maishani. Mara tatu yake ni kama 20. Maana yake, kati ya watoto 1,000 walioteseka, takriban 980 hawataugua. Mwalimu asimwangalie kila mtoto mkimbizi kama mgonjwa mtarajiwa.

Ubongo wa mtoto bado unajengwa. Mtoto anayepigwa kila mara, au anayelala akiwaogopa watu wenye silaha, mwili wake humwaga homoni za msongo bila kupumzika. Hali hiyo ikidumu, inaaminika kwamba huvuruga kazi ya dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuchagua lipi lizingatiwe na lipi lipuuzwe. Hapo jambo dogo hupewa uzito usiolistahili: wanawake wawili wananong'ona penye bomba la maji, na kijana ana hakika wanapanga kumuua.

Tahadhari moja inahitajika. Mtoto ambaye dalili zimeshaanza kumnyemelea anaweza kuonekana wa ajabu, na kwa sababu hiyo akaonewa na kupigwa zaidi. Uhusiano huu huenda pande zote mbili.

Ukimbizi nao una uzito wake. Utafiti uliofanyika Sweden kwa kufuatilia watu zaidi ya milioni 1, na kuchapishwa 2016, ulionyesha kuwa wakimbizi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi haya kuliko hata wahamiaji wengine waliotoka maeneo yaleyale ya dunia. Wote walikuwa wageni, wakijifunza lugha na kuikabili baridi ileile, lakini wakimbizi ndio waliougua zaidi.

Huku kwetu, Florian Scharpf, Getrude Mkinga, Faustine Masath na Tobias Hecker walishiriki katika utafiti uliowahoji watoto 230 wa Burundi wenye miaka 7 hadi 15 waliokuwa wakiishi kambini Tanzania, pamoja na wazazi wao. Hawakuwa wakitafuta skizofrenia; walipima hisia, tabia na athari za kiwewe. Kupigwa na mama kuliambatana na matatizo zaidi, na kuwa na marafiki wazuri kuliambatana na nafuu. Vita hatuwezi kuvifuta, lakini fimbo ya nyumbani na urafiki wa shuleni vimo ndani ya uwezo wetu.

Nasema hivi bila kuwashitaki akina mama. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama anayesababisha skizofrenia kwa malezi yake, na kwa miaka mingi wazazi wakabebeshwa lawama ambayo sayansi imeshaikataa. Mama aliyepunguziwa mgao wa chakula, asiye na shamba, naye akiwa na majeraha yake ya vita, anahitaji kusaidiwa ili mkono wake utulie.

Aidha, si kila sauti ni skizofrenia. Kijana anayesikia kilio cha ndugu aliyeuawa mbele yake huenda ana kiwewe, na tiba yake ni nyingine. Anayeweweseka huku ana homa apimwe malaria siku hiyohiyo.

Lakini kijana akibadilika kwa wiki kadhaa, akaacha marafiki, akakesha, akaongea na asiyeonekana, apelekwe kituo cha afya mapema. Familia nyingi huanza kwa mganga au kwa maombi, na sioni haja ya kugombana nazo. Ninachosihi ni kwamba asifungwe kamba, asipigwe, na safari ya hospitali isingoje mambo hayo yaishe. Dawa kama haloperidoli zimekuwepo kwa miaka mingi, bei yake si kubwa, na huwatuliza wengi. Anayechelewa kutibiwa hupona kwa shida zaidi. Anayetibiwa mapema, akakaa na watu wanaomkubali, ana nafasi nzuri ya kurudi shuleni, kulima, kuoa au kuolewa. Yaliyomkuta Kagunga yaelezwe kwa daktari kama sehemu ya historia yake, wala yasichukuliwe kuwa hukumu ya maisha yake.