Kabla Diski Haijanyamaza

Mpiga picha wa matanga aliingia kibandani Kondele, mjini Kisumu, akiwa ameikumbatia laptopu kama mtoto mgonjwa. Folda moja ilikuwa haifunguki. Fundi aliiwasha, akaitegea sikio. Tik, tik, kimya, tik. Akaizima papo hapo.

"Omera, umejaribu mara ngapi?"

"Tangu jana usiku."

"Usiiwashe tena."

Mlio ule ni wa kichwa cha kusomea kinachorudi palepale kutafuta kisichosomeka. Sahani ya diski ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Ukingo wake huenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na kichwa huelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hapo chembe ya vumbi ni jabali.

Data hukaa katika sekta, vijisehemu vya baiti 512 au 4,096, kila kimoja na hesabu yake ya uhakiki. Hesabu ikikataa, diski huiweka sekta hiyo kwenye orodha ya zinazosubiri. Sasa fikiria Kisumu alasiri: upepo wa ziwa unapanda hadi milima ya Nandi, mawingu yanajikusanya, radi inapiga, stima inapotea. Kompyuta ya mezani ikizimika diski ikiwa inaandika, sekta huweza kubaki nusu mpya nusu ya zamani. Hesabu hukataa ingawa sahani ni nzima, na sekta hiyo ikiandikwa upya hupona. Iliyokwaruzwa haiponi; nafasi yake huchukuliwa na sekta ya akiba, na diski hujiandikia kwamba imehamisha moja.

Kwa hiyo sekta chache zinazosubiri baada ya radi hazinitishi sana. Zilizohamishwa zikiongezeka kila wiki, hiyo ni hatari. Mwaka 2007 watafiti wa Google, waliofuatilia diski zaidi ya 100,000, walieleza kuwa diski ikishaonyesha kosa la kwanza katika kujikagua, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ile isiyo na kosa.

Ndiyo maana inaniuma kuona watu wakiharakisha kuitengeneza. Programu ya kukagua na kurekebisha diski nzima humkimbiza mgonjwa anayetweta, tena huweza kuandika juu ya kile unachotaka kuokoa. Na kuitia kwenye friza, kama wengine wanavyoshauri? Kwa unyevu huu wa ziwani, ukiitoa tu inatokwa jasho.

Fundi aliichomoa diski ile ya laptopu, akaiunganisha na kompyuta yake pamoja na diski mpya kubwa zaidi, akaendesha ddrescue. Programu hii huchota kwanza maeneo mazima, ikifika penye ubovu huruka, na huweka ramani ya ilikopita. Baadaye ndipo hurudi kuparuza mabaki kidogo kidogo. Saa kumi jioni mvua ikashuka, stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, programu iliisoma ramani ikaendelea pale ilipoachia.

Kurekebisha mafaili kulianza kesho yake, juu ya nakala. Ile diski ya zamani alikuwa ameshaifunga kwa karatasi na kuiandika tarehe. Karibu picha zote zilifunguka. Moja ilitoka nusu: juu jeneza na mashada, chini kijivu kitupu. Mpiga picha akaomba na hiyo pia iwekwe kwenye flashi.