Kimo, Mwinuko na Ngazi: Istilahi za Kuchagua Mwinuko wa Safari Fupi katika Mwigo wa Urukaji

Utangulizi

Mwigo wa urukaji ni fani kongwe kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1929 Edwin Link, Mmarekani aliyefanya kazi katika kiwanda cha vinanda cha baba yake, alitengeneza mtambo uliomwezesha mwanafunzi kujifunza kuendesha ndege pasipo kuondoka chini. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa programu yake ya kwanza ya mwigo wa namna hiyo kwa ajili ya kompyuta ndogo, na tangu hapo zoezi hilo limetoka katika vyuo vya marubani na kuingia majumbani na madarasani.

Mwalimu atakaye kuitumia programu hiyo kufundisha kwa Kiswahili hukwama mapema, kabla hata ndege haijaondoka. Programu humwuliza: je, safari hii itakwenda juu kiasi gani? Swali ni fupi, lakini ndani yake mna dhana tatu zilizo mbalimbali, nazo katika tafsiri nyingi hufungwa zote katika neno moja, "urefu". Makala haya yanakusudia kuzifungua dhana hizo, kisha kuonyesha jinsi zinavyofanya kazi katika safari moja fupi, yaani ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar.

Hatari ya neno moja

Tuchukue sentensi hii: "Rubani aruke kwa urefu wa futi 6,000." Juu ya kiwanja cha ndege cha Zanzibar, ambacho hakifiki hata futi 100 juu ya bahari, sentensi hiyo haina madhara, kwani lolote alielewalo rubani, ndege itakuwa takriban futi 6,000 juu ya ardhi. Lakini kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, kiko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Rubani atakayehesabu futi 6,000 kuanzia baharini atakuwa amebakiwa na futi zisizozidi 700 kati yake na uwanja. Tarakimu ni ileile na neno ni lilelile, ila mmoja yu salama na mwingine anakaribia mapaa ya nyumba. Kosa hilo si la hesabu, bali ni la istilahi.

Dhana tatu

(a) Kimo. Tunapendekeza neno hili litumike kwa umbali wa kwenda juu kuanzia ardhi au uwanja ulio chini ya ndege. Maana hiyo inaafikiana na matumizi ya kawaida. Kimo cha mtu hupimwa kuanzia nyayo zake, mahali aliposimama. Hata akipanda kilele cha Kilimanjaro, kimo chake hakibadiliki.

(b) Mwinuko. Huu ni umbali wa kwenda juu kuanzia usawa wa bahari. Walimu wa jiografia wamekwisha kulizoea neno hili, nao husema kwamba mwinuko wa kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Ardhi ina mwinuko wake na ndege ina mwinuko wake. Ukitoa mwinuko wa ardhi katika mwinuko wa ndege, kinachobaki ni kimo cha ndege.

(c) Ngazi ya kanieneo. Dhana hii ndiyo ngumu zaidi. Altimita ya ndege haipimi futi kwa kamba. Hupima kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri mtu anavyokwenda juu. Kanieneo ya mahali pamoja hubadilika pia kwa hali ya hewa, kwa hiyo rubani hana budi kuirekebisha altimita yake kwa kipimo cha siku hiyo. Ndege ziendazo juu na mbali hupita nchi nyingi, na kama kila moja ingetumia kipimo chake, ndege mbili zingeweza kusoma tarakimu tofauti huku zikikutana mahali pamoja. Ndiyo maana, baada ya kuvuka mwinuko uliowekwa na kila nchi, marubani wote huiweka altimita kwenye kipimo kimoja cha hektopaskali 1,013.25. Hapo hawataji tena mwinuko, bali hutaja ngazi, kwa mamia ya futi. Ngazi 150 ni pale altimita iliyowekwa hivyo isomapo futi 15,000.

Yafaa ikumbukwe kwamba ngazi si mwinuko halisi. Mahali ambapo kanieneo ya usawa wa bahari imeshuka hadi hektopaskali 983, kama itokeavyo katika dhoruba za Atlantiki ya Kaskazini, ndege huwa chini kwa zaidi ya futi 800 kuliko altimita hiyo inavyosema. Kwa sababu hiyo hatuafiki ngazi kuitwa mwinuko. Neno "kiwango" nalo limekwisha kubebeshwa mizigo mingi: viwango vya mishahara, viwango vya ubora na vinginevyo.

Wako wanaopendelea kutohoa na kusema "altitudi". Hatupingi utohozi panapokosekana neno. Lakini hapa utohozi huo utaipa jina dhana moja tu na kuziacha mbili katika giza lilelile.

Mwinuko wa safari

Safari ya ndege ina sehemu tatu: kupaa, kwenda sawasawa, na kushuka. Mwinuko unaoshikwa katika sehemu ya pili tunauita mwinuko wa safari. Mfasiri ajihadhari asivutwe na safari za anasa za meli, ambazo kwa Kiingereza huitwa kwa neno hilohilo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar ni maili za baharini 39 hivi, yaani kilomita 73. Tuseme mwanafunzi anatumia ndege ndogo ya injini moja, inayopaa kwa futi 700 kila dakika huku ikienda maili za baharini 80 kwa saa. Kwa kushuka, kanuni nyepesi ni maili tatu kwa kila futi 1,000.

Akichagua mwinuko wa futi 9,000, kupaa kutachukua dakika 13 na maili 17. Kushuka kutahitaji maili 27. Jumla ni maili 44, nayo imepita urefu wa safari yenyewe. Angelazimika kuanza kushuka kabla hajafika alikokusudia. Akichagua futi 7,000, atatumia maili 13 kupaa na 21 kushuka, abakiwe na maili tano tu za kwenda sawasawa. Akichagua futi 5,000, kupaa ni maili tisa na nusu, kushuka 15, na maili 14 na nusu hubaki katikati. Huo ndio mgawanyo wa kufaa. Kweli, nguvu ya injini hupungua kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, kwa hiyo katika mwinuko mkubwa hesabu halisi huwa mbaya kuliko hii.

Baada ya hesabu hiyo huja kanuni ya nusu duara. Katika nchi nyingi, ndege inayoelekea upande wa mashariki, yaani kati ya digrii 0 na 179 za dira, hushika maelfu witiri: 3,000, 5,000, 7,000. Inayoelekea upande wa magharibi hushika maelfu shufwa: 4,000, 6,000. Arukaye kwa kutegemea macho huongeza futi 500. Baadhi ya nchi hugawa duara kwa kaskazini na kusini, na popote pale mwongozaji ndege aweza kutoa amri nyingine. Zanzibar iko karibu kaskazini halisi ya Dar es Salaam, lakini kwa digrii chache ni upande wa mashariki. Basi futi 5,000 zafaa kwa kwenda, na 4,000 au 6,000 kwa kurudi. Iwapo ni majira ya kusi, upepo utamsukuma akienda na kumkabili akirudi. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake. Hiyo ni sababu nyingine ya kulinganisha upepo wa kila mwinuko kabla ya kuamua.

Mwisho ni usalama. Arukaye kwa kutegemea vyombo hana budi kuwa angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote katika njia yake, na futi 2,000 katika nchi ya milima. Hapa kimo na mwinuko hukutana: hitaji ni la kimo, lakini altimita husoma mwinuko. Asiyeweza kutofautisha maneno hayo mawili hawezi kufanya hesabu hiyo.

Matumizi

Tunatoa mifano mitatu ya kuigwa:

1. Ndege ilishika mwinuko wa futi 5,000 mpaka Zanzibar.
2. Ilivuka ukingo wa uwanja kwa kimo cha futi 50.
3. Ndege kubwa iliyopita juu yake ilikuwa ngazi 150.

Vivyo hivyo tunashauri "kupaa" kutumike kwa kwenda juu, na "kuondoka" kwa ndege kuacha ardhi, kwani "kuruka" peke yake humaanisha tendo hilo na safari nzima pia.

Hitimisho

Katika mwigo, mwanafunzi akikosea huanza upya, na hakuna aliyedhurika. Hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo sababu tunaona kuwa hapa ndipo mahali pa kuyaweka sawa maneno haya. Mwanafunzi huyo aweza kuwa rubani, mwongozaji ndege au mfasiri wa kanuni za usafiri wa anga, naye atakwenda huko na maneno aliyofundishwa. Samaki mkunje angali mbichi. Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na penye neno bora zaidi, wasisite kulitoa.