"Moto" wa Dukani na "Moto" wa Swichini

Katika madarasa yetu ya Kiswahili upo mjadala usiokwisha: je, tuseme friji au jokofu? Walimu wa shule za upili huniuliza swali hili, na wanafunzi wa chuo kikuu huniletea lile lile kila mwaka likiwa limebadilisha nguo tu: simu ya mkononi au rununu, kompyuta au tarakilishi. Jibu langu ni moja. Mtu akitumia lolote kati ya hayo na akaeleweka, hakuna aliyedhurika. Kinachodhuru ni jambo jingine ambalo halipewi hata kipindi kimoja katika ratiba zetu, nalo ni maelekezo ambayo hayakuandikwa. Nitalieleza kwa kisa cha kijokofu cha gari.

Shemeji yangu mmoja, mwalimu mstaafu, anaishi Bokoli katika kaunti ya Bungoma. Mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu na ambaye kwa hiyo siwezi kumzungumzia hapa bila kuvua kofia, anaugua kisukari na hudungwa insulini kila siku. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kuwekwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikipata joto kali huharibika. Ikiganda huharibika vile vile, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana safi machoni. Kwa kuwa aghalabu dawa hiyo huinunua Kitale au mjini Bungoma, shemeji aliona heri atafute kijokofu cha kufungwa garini, baina ya kiti cha dereva na cha abiria, pale ambapo wengi wetu huweka sarafu na risiti.

Magari yenye vijokofu vya kiwandani mahali hapo yapo. Baadhi ya Toyota Land Cruiser na Prado zimeundwa nacho, kikitumia gesi ile ile inayopoza hewa ya gari, na hivyo hakifanyi kazi injini ikizimwa. Lakini shemeji ana gari dogo la mitumba kutoka Japani, kama yalivyo mengi katika barabara zetu. Alipata kisanduku kilichotumika, chenye maandishi ya Kijapani, na fundi mmoja akakifunga kwa waya kutoka kwenye tundu la kuwashia sigara.

Hapana budi tueleze kidogo jinsi kisanduku cha aina hii kinavyofanya kazi, maana kisa chote kimejificha humo. Hakina gesi wala kompresa kama jokofu la nyumbani. Mnamo 1834 Mfaransa Jean Peltier aligundua kwamba umeme ukipitishwa mahali ambapo metali mbili tofauti zimeunganishwa, kiungo hicho hupoa au hupata joto kulingana na mwelekeo wa umeme. Ukiugeuza umeme, baridi hugeuka joto. Ndiyo sababu visanduku vingi vya namna hii huwa na swichi yenye pande mbili: upande mmoja hupoza soda, upande wa pili hupasha chakula, na joto lake huweza kupita nyuzi 50. Isitoshe, vilivyo rahisi havina kifaa cha kupima na kusimamisha ubaridi. Hupunguza kiasi cha nyuzi 15 hadi 20 chini ya joto la mazingira, basi. Mchana wa jua kali, gari likiwa limefungwa, huenda dawa ikabaki vuguvugu. Jioni ya baridi huenda ikaganda.

Kwenye swichi ya shemeji yalikuwapo maneno mawili ya Kijapani, kila moja la herufi mbili. Herufi ya kwanza ni ile ile katika yote mawili, nayo ina maana ya kuhifadhi. Tofauti imo katika ya pili. Ile ya baridi ina vijistari viwili ubavuni kushoto, alama itokanayo na barafu. Ile ya joto ina vitatu, alama itokanayo na maji. Kijistari kimoja tu! Msomaji mwenye kisanduku kama hicho anaweza kwenda kukitazama sasa hivi. Fundi hakuwa na habari ya vijistari, lakini alikijaribu kisanduku kwa mkono wake, akatambua pande zote mbili, akachukua kalamu ya wino mzito akaandika: BARIDI, MOTO. Alikuwa fundi mwangalifu kuliko wengi.

Jioni moja ya mvua shemeji alitoka Kitale na chupa mbili za insulini. Kitale kuna baridi, na ile ya siku hiyo ilizidi. Alipofika Kiminini alikumbuka alivyoonywa na muuguzi kwamba dawa isigande. Hofu yake ilikuwa na msingi kabisa, kama nilivyokwisha kueleza. Akasimamisha gari, akageuza swichi kuelekea MOTO, akaendelea na safari kupitia Kamukuywa na Misikhu hadi nyumbani. Alipofungua kisanduku Bokoli, chupa zilikuwa za moto mkononi kama mayai yaliyotolewa sufuriani. Muuguzi aliyeulizwa kesho yake alisema zitupwe. Mama akawa hana dawa mpaka nyingine ikatafutwa mjini Bungoma siku hiyo hiyo, kwa fedha zilizokuwa zimetengewa mambo mengine.

Nilipomtembelea nilimwuliza, "Shemeji, ulipolisoma neno 'moto' ulielewa nini?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua Kiswahili. "Shemeji, si kama soda?"

Naam. Ingia duka lolote, Bokoli, Webuye au Mombasa, uagize soda. Mwenye duka atakuuliza, baridi au moto? Ukijibu moto, hataibandika chupa jikoni. Atakupa ile iliyokuwa rafuni, haijapozwa. Katika sentensi hiyo "moto" maana yake ni kutokuwa na baridi ya jokofu. Shemeji, akiwa amekaa mbele ya jokofu, alilipa neno maana ambayo Waswahili wote hulipa mbele ya jokofu. Alidhani anazima ubaridi, kumbe anawasha joko.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la fundi, kwamba angeandika "joto" badala ya "moto". Sikubaliani nao. Neno lolote pekee, likibandikwa juu ya swichi, humwachia msomaji kazi ya kukisia sentensi iliyobaki. Tena maneno tunayo tele. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na istilahi nyingine zimemiminika tangu hapo. Tena lugha yenyewe hutenganisha vizuri: kupoza si kugandisha, na kuzima si kupasha. Tulichokosa ni watu wa kuketi na mashine, kuigeuzageuza, kisha kuandika aya sita ambazo mtu wa Bokoli atazisoma garini jioni ya mvua akajua la kufanya.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Sijui ni kwa nini vifungu hivi viwili havijawahi kukutanishwa kwenye meza ya muuza friji.

Mimi na shemeji tuliandika karatasi, tukaibandika ndani ya kifuniko. Inasema hivi: "Swichi ikielekezwa huku, sanduku hupasha moto kama jiko. Usiweke dawa. Ukitaka kusimamisha ubaridi, chomoa waya. Kukiwa na baridi jioni, chomoa waya. Dawa haitaharibika kwa safari ya saa moja au mbili. Injini ikizimwa, chomoa waya, la sivyo betri itaisha kabla ya asubuhi." Hilo la betri si chumvi: kisanduku kama hiki hula takriban ampea 4 mfululizo, na betri ya gari dogo aghalabu haizidi ampea 45 kwa saa moja.

Walimu wa kidato cha tatu wanaotafuta zoezi la uandishi wa kiuamilifu wanaweza kuwapa wanafunzi kifaa chochote cha nyumbani, pasi, jiko la gesi au redio, wakawaambia waandike maelekezo yake. Kisha karatasi hiyo apewe mtu ambaye hajawahi kukitumia kifaa hicho, na mwanafunzi akae pembeni, asiruhusiwe kusema neno.