Kahawa Bila Moto
Muuza kahawa wa vijiweni vya pwani hubeba dele lake juu ya makaa, na humimina kinywaji katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Moto ule hufanya kazi mbili ambazo mnywaji hazioni: huua vijidudu vya maji, na humlazimu mtu kunywa kwa mafunda madogo madogo. Kahawa ya kulowekwa kwa maji baridi haipiti motoni. Kazi hizo mbili, basi, humwangukia mwenye kuitengeneza.

Ya kwanza ni usafi. Maji yachemshwe, yafunikwe na kuachwa yapoe. Chupa na chujio vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Gramu 100 za kahawa iliyosagwa kwa chenga kubwa hulowekwa katika mililita 800 za maji hayo, zikafunikwa na kuwekwa ndani ya jokofu kwa saa 12 hadi 18. Kuiacha mezani usiku kucha katika joto la pwani ni kuvipa vijidudu nafasi ya kuzaliana. Kisha huchujwa kwa kitambaa safi, na mara ya pili kwa karatasi ya kuchujia. Karatasi hunasa mafuta ya kahawa yenye kafestoli, kemikali inayoongeza lehemu mbaya katika damu. Kahawa hiyo irudishwe jokofuni na inywewe ndani ya siku tatu.

Ya pili ni kipimo. Baridi hupunguza uchungu ulimini, lakini haiondoi kafeini. Gramu 100 za arabika, kama ile ya Kilimanjaro, hubeba takriban miligramu 1,200 za kafeini. Robusta ya Kagera hubeba karibu mara mbili ya hizo, na sehemu kubwa huyeyukia majini. Mwaka 2015, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 400 kwa siku hazitii shaka kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Glasi moja ya mililita 250 ya robusta isiyozimuliwa yaweza kuvuka kiwango cha siku nzima. Anayeibugia kama sharubati wakati wa kiu hushangaa moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na usingizi ukimkimbia.

Kwa hiyo sehemu moja ya kahawa izimuliwe kwa sehemu mbili za maji au maziwa, na inywewe kabla ya adhuhuri, kwa kuwa baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kwa mjamzito hukaa zaidi. Mjamzito asiitumie kumezea vidonge vya madini ya chuma, kwani kahawa huzuia madini hayo kufyonzwa. Wala mwenye kiungulia asiidhanie kuwa dawa, maana asidi yake hukaribiana na ya kahawa ya moto.

Kikombe kidogo cha kijiweni kilikuwa kipimo tosha. Nyumbani, kipimo hicho hakina budi kuwekwa kwa makusudi.