Pumzi ya Mtoto na Mawimbi ya Ubongo

Ubongo wa mtu mzima ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia asilimia 20 hivi ya oksijeni yote. Ndiyo maana mtoto anayezaliwa bila kulia, akakosa pumzi kwa dakika chache, huweza kufa, au kuishi na kifafa na ulemavu maisha yake yote.

Madhara hayo hayaonekani daima kwa macho. Mtoto aweza kulala ametulia, kumbe ubongoni mna degedege lisilotikisa hata kidole. Kinacholifichua ni chombo cha kupima umeme wa ubongo. Daktari Hans Berger wa Ujerumani ndiye aliyenasa kwanza mawimbi ya ubongo wa binadamu, mwaka 1924. Mistari ikibaki bapa kwa muda mrefu, ubongo umeumia sana. Ikirejea mapema kufuata zamu za kulala na kuamka, tumaini lipo. Aidha, daktari hutambua iwapo dawa ya degedege imefanya kazi.

Katika nchi tajiri, tangu tafiti za mwaka 2005, mtoto kama huyo hupozwa mwili hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, tiba ikianza kabla ya kutimiza saa 6 tangu kuzaliwa. Lakini utafiti wa India, Bangladesh na Sri Lanka, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa huko tiba hiyo haikuokoa, vifo vilizidi. Kifaacho ng'ambo si lazima kifae kila mahali.

Sisi wa visiwani tuna la kuzingatia. Mama wa Tumbatu au Kojani, uzazi ukimwia mgumu, huvuka bahari kumfuata mtaalamu, na saa hizo 6 hazimngoji. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni ile ya dakika ya kwanza: kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, na kumpumulia kwa mfuko na barakoa. Mafunzo ya namna hiyo katika hospitali 8 za Tanzania, kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013, yalipunguza vifo vya saa 24 za mwanzo kwa asilimia 47.

Hatuikatai mashine. Tunawaomba wakuu wahakikishe kwanza kwamba kila mkunga anao mfuko, na mkono uliozoea kuutumia. Kisha chombo hicho kije pamoja na umeme usiokatika na mtaalamu wa kukisoma. Mawimbi yasiyo msomaji ni michoro mitupu. Kinga ni bora kuliko tiba.