Kompyuta ya ushirika ikionyesha alama za kutisha, usikimbilie kufuta

SIKU ya malipo katika chama cha msingi cha ushirika haina mzaha. Wakulima wamejipanga nje tangu asubuhi, kila mmoja na stakabadhi yake ya mzani, na ndani karani anafungua kompyuta ili atoe orodha ya kupeleka benki.

Orodha inafunguka, majina yapo, lakini kolamu ya fedha imejaa alama za reli kutoka juu hadi chini: #####.

Hapo ndipo hasara huanzia. Karani aliyeingiwa na hofu hufuta kolamu nzima ili aandike upya kwa kukumbuka, huku watu wakimhimiza dirishani. Kilichokuwa salama kinapotea kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa kawaida katika programu ya Excel alama hizo huwa na maana moja tu: namba ni pana kuliko kolamu. Kolamu iliyotosha Sh950,000 haitoshi Sh12,450,000. Weka mshale kwenye mstari unaotenganisha herufi za kolamu juu kabisa, bofya mara mbili, na namba zitajitokeza zote.

Ipo pia njia ya kuhakikisha kabla ya kugusa chochote. Bofya kisanduku kimoja chenye alama hizo, kisha tazama mstari mrefu ulio juu ya jedwali. Kilichohifadhiwa kweli huonekana pale.

Hata watengenezaji wa programu hiyo walishawahi kuumbuka. Mwaka 2007, toleo jipya la Excel lilipoagizwa lizidishe 850 kwa 77.1, lilionyesha 100,000 badala ya 65,535. Kampuni ya Microsoft ilieleza kuwa hesabu ndani ya kompyuta ilikuwa sahihi na kosa lilikuwa katika kuonyesha jibu. Aliyezidisha jibu hilo kwa 2 alipata 131,070, ambalo ndilo sahihi. Marekebisho yalitolewa Oktoba mwaka huohuo.

Lakini mfanyabiashara ambaye angenakili ile 100,000 kwa kalamu kwenye hati ya malipo angekuwa amezidisha 34,465 kwelikweli. Kosa la kioo lingegeuka kuwa kosa la kitabu.

Hata hivyo, si kila alama ya ajabu haina madhara. Namba ya kitambulisho cha Taifa cha Tanzania, maarufu kama namba ya NIDA, ina tarakimu 20. Karani akiiandika mfululizo bila vistari, Excel huichukulia kama hesabu na kuionyesha kwa kifupi, kwa mfano 1.97E+19. Kupanua kolamu hapa hakusaidii, kwa sababu programu hiyo hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zile tano za mwisho huwa zimeshageuzwa sifuri, na hazirudi.

Hali ni hiyohiyo kwa namba za simu na za akaunti zinazoanza na sifuri: ile sifuri ya mbele hudondoka. Dawa yake ni kuiagiza kolamu iwe ya maandishi kabla ya kuandika, au kutanguliza alama ya ' mbele ya namba. Orodha iliyokwisha kuharibika irekebishwe kwa kurudia fomu za wanachama, wala si kwa kubahatisha, kwani jina likipishana na namba benki hurudisha malipo na mkulima husubiri.

Flashi nayo ina vitisho vyake. Inachomekwa, kompyuta inasema lazima ifanyiwe "Format" ndipo itumike. Anayekubali anajifutia mwenyewe. Jibu ni "Cancel", kisha ijaribiwe kwenye tundu jingine au kompyuta nyingine. Ikikataa kote, isiandikwe kitu kipya ndani yake. Apelekewe fundi mwenye programu ya kuokoa mafaili, naye aambiwe wazi kuwa kinachotakiwa ni orodha, si flashi. Mafundi wengi wakiachiwa wenyewe hurudisha flashi safi kabisa, haina kitu.

Wakati mwingine flashi huonekana tupu, au yenye vijisanduku vya njia ya mkato peke yake, lakini ukiangalia nafasi iliyotumika imejaa. Hao ni virusi, wameyaficha mafaili. Usibofye vile vijisanduku. Virusi vikishaondolewa, amri fupi iitwayo attrib huyafichua mafaili yote.

Kwa mwenye duka anayetunza mauzo kwenye simu, tofauti ya kukumbuka ni moja. Programu ikigoma, kufuta akiba ya muda hakugusi kumbukumbu. Kufuta data huondoa kila kitu ambacho programu hiyo imehifadhi kwenye simu, madeni ya wateja yakiwemo.

Kwa ofisi ya ushirika, utaratibu hauhitaji fundi. Faili likileta alama usizozielewa, au Excel ikisema faili lina kasoro na kuomba ilitengeneze, usihifadhi juu ya lile la zamani. Lihifadhi kwa jina jipya lenye tarehe ya siku hiyo, ufanye matengenezo kwenye nakala. Ukimaliza, jumlisha kilo zote na ulinganishe na daftari la mzani. Zikipishana hata kwa gunia moja, orodha isiende benki.

Baadhi ya vyama vimeanza kuyaweka madaftari hayo stoo mara tu kompyuta inaponunuliwa. Yabaki mezani hadi mkulima wa mwisho awe amelipwa.