Kabla Hujabomoa Jiko Lako

Tulipoamua kutengeneza upya jiko letu hapa Usagara, Tanga, mimi na baba watoto tulianza na nyundo. Lilikuwa banda la nyuma ya nyumba, kuta zimejaa masizi, sakafu ya udongo na kidirisha kimoja. Tulikuwa tumenunua mifuko sita ya saruji, tukadhani hayo ndiyo maandalizi. Jumamosi asubuhi tukabomoa. Jioni watoto wakauliza watakula nini, na mafiga yangu yako chini ya kifusi.

Tena ilikuwa masika. Usiku wa tatu mvua ilipozidi, niliingiza jiko la mkaa ukumbini nikafunga mlango ili maji yasiingie. Wali haujaiva, mtoto wangu wa mwisho akalalamika kichwa, kisha akatapika. Baba yake alimbeba mbio hadi barazani, nami nikafungua milango na madirisha yote. Namshukuru Mungu, mtoto alipona. Daktari alitueleza kwamba mkaa unapowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu huweza kusinzia asiamke tena.

Basi mama, kabla ya nyundo, tengeneza jiko la muda. Mabati mawili juu ya miti minne, pande zote wazi, yanatosha. Pika hapo siku mbili nzima, ugali, maharage na chai ya asubuhi, ujue kama panafaa. Na ukiweza, ngoja Januari au Februari, mvua za vuli zikiwa zimepita na masika hayajafika.

Halafu kaeni wawili na daftari. Bwana Yesu aliposimulia habari za mjenzi wa mnara, katika Luka 14, nadhani alikuwa akitusema sisi. Tuliandika saruji na mabati, tukasahau gari la mchanga, maji ya kununua, misumari na chakula cha fundi. Fedha ziliisha ukuta ukiwa nusu, na hapo maneno kati yangu na mwenzangu hayakuwa mazuri. Siku hizi tukifanya kazi yoyote tunatenga sehemu ya kumi ya gharama kwa yale tusiyoyaona. (Si zaka hiyo, zaka ina mahali pake.)

Andikeni pia nani atafanya nini. Kupiga lipu kuta za chini, kumwaga sakafu na kufinyanga jiko la kuni, haya tuliyaweza wenyewe. Paa na nyaya za umeme mwachie fundi.

Saruji si taabu kwetu, kiwanda kipo hapo Pongwe. Taabu ni mchanga. Usishawishike kuchota wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure, maana chumvi yake hula nondo, na lipu hufanya unyevu na kubanduka. Nunua wa mtoni au wa shimoni. Kwa lipu tulichanganya ndoo moja ya saruji na ndoo nne za mchanga, tukamwagilia ukuta asubuhi na jioni kwa siku saba. Ukiacha kumwagilia, lipu itapasuka, nawe utamlaumu fundi bure. Meza ya zege usipime kwa kimo cha fundi. Simama wewe, kunja kiwiko, ushuke kiasi cha kiganja kimoja. Mgongo wako utakushukuru wakati wa kukata mchicha.

Jiko la kuni nililifinyanga kwa udongo wa kichuguu, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, nikaliacha kivulini wiki tatu likauke. Nilipowasha, moshi wote ukanirudia usoni. Jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, alikuja kuazima mbuzi ya nazi, akasimama mlangoni akacheka. “Mwanangu, tundu lako la moshi linatazama kusi.” Kweli kabisa! Kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili kwetu zinatoka upande wa baharini, nami nilikuwa nimeweka tundu upande huohuo. Tuliliziba, tukatoboa jingine juu ya ukuta wa magharibi karibu na paa, na kuacha dirisha la chini upande wa bahari liingize hewa. Moshi ukapata njia yake.

Usiuone moshi ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Serikali yetu nayo, katika mkakati uliozinduliwa mwaka 2024, imelenga asilimia 80 ya kaya zipikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo hata kama leo unatumia kuni, acha nafasi ya gesi. Mtungi usimame wima, mbali na moto wa mkaa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, hivyo toboa matundu chini ya ukuta pia. Ukisikia harufu yake usiwashe kiberiti wala taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje.

Yetu tuliyatoboa mwezi uliopita, kwa patasi, baada ya lipu kukauka. Sasa imebaki kabati la vyombo, na baba watoto ameshaandika mbao kwenye daftari.